Siku Kinyozi Alipopewa Ruhusa ya Kuvuka

Kinyozi alikuwa na kaka mmoja tu duniani, na kaka huyo alikuwa fundi viatu, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na saluni yake. Mlango kwa mlango. Kinyozi akiinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja, anamwona kaka yake amebana kiatu katikati ya magoti, anagongelea soli. Na bado, tangu harusi ya binti wa huyo kaka, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, ndugu hao hawakuwa wamepeana mkono.

Asubuhi ya harusi hiyo kinyozi alimnyoa kaka yake harakaharaka, mashine ikateleza, ikafungua njia kutoka sikioni hadi utosini. Fundi viatu akashinda sherehe nzima ndani ya kofia ya kuazima iliyombana mpaka, kwenye picha zote, baba wa bibi harusi anaonekana kama mtu anayeumwa jino. Baada ya hapo akawa ananyolewa kwingine. Hilo ndilo lililomchoma kinyozi. Ajali ni ajali, alisema, lakini kupeleka kichwa cha familia kwa mtu baki ni tusi. Kila mwisho wa mwezi kaka yake alirudi amechongwa upya, akageuza kigoda chake, akampa kisogo. Na kisogo chenyewe kimenyolewa ovyo, mstari umekwenda upande. Kinyozi alikitazama kutwa nzima, vidole vikimwasha.

Watu wakimuuliza mbona haendi kuyamaliza, jibu alikuwa nalo. "Ningekwenda hata sasa hivi," alisema, "lakini si mnaijua sheria?"

Sheria ilikataza kabisa kukatiza barabara ile. Aliyetaka kuvuka alipaswa kwenda kupanda daraja la waenda kwa miguu, kule mbele ya kiwanda cha magodoro, na aliyekatiza alikamatwa.

"Na daraja je?" mkewe alimwuliza siku moja.

"Magoti," kinyozi alijibu, akayashika yote mawili.

Basi akaishi kwa raha zake, mpaka redio ya saluni ilipotangaza sheria mpya. Kuanzia Jumatatu, mtembea kwa miguu ana haki ya kuvuka popote anapotaka. Akishakanyaga lami, magari yote yasimame, na yasiondoke mpaka amemaliza kuvuka.

Mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye kiti, shuka shingoni na povu kidevuni, akamshika kinyozi mkono. "Hongera, fundi," alisema kwa furaha tele. "Sasa hakuna kinachokuzuia."

Jumatatu asubuhi kinyozi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la ofisi ya jiji.

"Nimekuja kurudisha haki yangu ya kuvuka," alimwambia karani.

"Kurudisha?"

"Ndiyo. Mpeni mtu mwenye haraka zaidi."

Karani alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, haki si sufuria ya jirani. Hairudishwi."

"Basi mnikataze mimi peke yangu."

"Una kosa gani?"

"Sina."

"Kama huna kosa, hatuwezi kukukataza." Karani akafikiri kidogo, maana alikuwa mtu wa kusaidia. "Labda uwe dereva. Dereva hahesabiwi kuwa mtembea kwa miguu, almradi yumo ndani ya gari."

"Na baiskeli?"

"Ukiisukuma, wewe ni mtembea kwa miguu. Ukiipanda, wewe ni chombo."

Kinyozi alilipima jambo hilo kwa makini. "Kwa hiyo nikinyoa watu huku nimepanda baiskeli..."

Karani akafunga dirisha.

Aliporudi alikuta mtaa umejipanga. Wateja wake walikuwa wametoa viti nje ya saluni na kukaa kama watu wanaongoja mpira uanze. Ng'ambo, shemeji yake, mke wa fundi viatu, alikuwa amefagia mbele ya kibanda na kuweka birika jikoni. Upande wa saluni, mkewe alimpokea mlangoni na shati lililopigwa pasi.

"Haya, baba watoto. Barabara hiyo."

Kinyozi alivaa shati. Akafunga vifungo, akavifungua, akavifunga tena. Akachana nywele. Akatia mkasi na kitana kwenye mfuko wa shati, kwa mazoea tu, akasema anangoja magari yapungue.

"Lakini magari yanapaswa kukungoja wewe," mwalimu alimkumbusha.

Wakati huohuo ng'ambo fundi viatu akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni, akaweka mguu mmoja kwenye lami. Breki zikalia. Kaka mkubwa akifika kwanza kwake yeye mdogo, kinyozi atamwambia nani kwamba ana adabu? Akaruka barabarani bila kutazama kulia wala kushoto. Magari ya upande wake nayo yakasimama, na ndugu hao wakakutana kwenye mstari mweupe wa katikati.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Wakatazamana viatu.

"Unakwenda wapi?" fundi viatu aliuliza.

"Kwako. Na wewe?"

"Kwako. Basi rudi, nakuja."

"Nirudi vipi na mimi ndiye mdogo? Rudi wewe, kaka, nije nikusalimie vizuri."

"Mimi ndiye mkubwa, na mkubwa amesema rudi."

"Nikirudi watasema nimekimbia."

"Na mimi je? Nimevua aproni bure?" Akajitazama, akaona hajaivua, akaivua palepale.

Foleni ikarefuka mpaka ikapotea kwenye kona. Madereva wakazima injini. Wa lori la saruji akashuka, akasikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba mdogo ndiye aende kwa mkubwa. Abiria wa basi wakamzomea, wakagawanyika wao kwa wao. Askari wa barabarani akaja na filimbi yake.

"Songeni!"

"Twende upande gani?" ndugu wakauliza kwa pamoja.

Askari akashusha filimbi. Kumsukuma mtu anayevuka sasa lilikuwa kosa, na hawa, ukisoma sheria ilivyoandikwa, walikuwa bado wanavuka. Akamwita mkubwa wake kwa redio ya mkononi. Mkubwa naye alikuwa kwenye foleni hiyohiyo, nyuma ya lori la saruji.

"Kuna nini huko mbele?" redio ilifoka.

"Ndugu wawili, afande."

"Wanagombana?"

"Hapana, afande. Wanatembeleana."

Kinyozi hakuyasikia hayo. Kaka yake alikuwa amegeuka kumtazama askari, na kile kisogo sasa kilikuwa mbele ya pua yake. Kwa karibu kilitisha zaidi.

"Kaka, nani amekufanya hivi?"

"Kijana wa kule sokoni."

"Macho anayo?"

"Anayo. Mkono ndio hana." Fundi viatu hakugeuka. "Kila mwezi nilijiambia safari hii utashindwa kuvumilia, utakuja kunitukana. Ndiyo maana nilikuwa nakaa nimekigeuzia kwako."

Kinyozi akakitazama tena. "Nilikuwa nakiona."

"Na hukuja."

"Sheria, kaka."

"Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Sheria."

Kinyozi akatoa mkasi na kitana. Hakuomba ruhusa, wala kaka yake hakuuliza kitu; aliinamisha kichwa tu. Honi zote zilinyamaza. Kinyozi akanyoosha ule mstari, taratibu, tangu sikio moja hadi la pili, akapuliza nywele zilizobaki shingoni, na mtu fulani kwenye basi akapiga makofi.

"Mmemaliza?" askari aliuliza, jasho likimtiririka.

"Kunyoa, ndiyo," alisema kinyozi. "Kuvuka bado."

"Basi nisikilizeni. Sheria inasema kumaliza kuvuka, haikutaja kurudi. Kila mmoja aendelee alikokuwa anakwenda!"

Hapo hapakuwa na la kubisha. Wakapeana mkono, wakapishana, na kila mmoja akafika kwa mwenzake, ambako mwenyeji hayupo. Magari yakaunguruma katikati yao kwa hasira ya asubuhi nzima.

Shemeji alimpokea kinyozi kwa chai, akamwambia amekonda, akamweleza habari za wajukuu wote wawili, hata za meno yao. Wakiwa katika hayo, mama mmoja akaja na kiatu kilichong'oka kisigino, akamkuta kinyozi kwenye kigoda, akampa. Kinyozi akaona aibu kukataa kazi ya kaka yake. Akashika nyundo, akalenga, akajigonga kidole gumba. Shemeji alicheka mpaka akashika nguzo.

"Sikiliza, fundi," mama yule alisema, akikichukua kiatu chake taratibu. "Labda nije kesho."

"Njoo," alisema kinyozi, kidole kikiwa mdomoni. "Nitakuwepo."