Mboga Yenye Manyoya Moyoni

Asubuhi ile, ukungu ukiwa bado umeilalia mikaratusi ya Butembo, Kanyere alisimama mlangoni mwa jiko akamtazama mumewe aking'oa miche yake mwenyewe. Hakung'oa iliyodhoofu. Aliing'oa ile iliyosimama imara, yenye majani mapana ya rangi ya jivu, akaichimbia shimo nyuma ya choo na kuifukia kama mtu anayezika jambo asilotaka lionekane. Michache iliyobaki aliipalilia kwa vidole, akaitia mbolea shinani.

"Baba Virginie," Kanyere alimwita, "unang'oa yenye nguvu, unaacha yenye kulegea?"

"Ile iko na miiba," Kasonia alijibu bila kugeuka. "Hii haina."

"Na hii yenye haina miiba, iko nini?"

"Utaona."

Kasonia alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana, na Kanyere alikuwa amezoea kuishi na ukimya wake kama mtu anavyozoea nyumba yenye dirisha moja. Lakini huu ulikuwa ukimya mwingine. Kwa miaka kumi na miwili mumewe alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja upande wa Lubero. Mwaka wa uhuru wa Kongo, 1960, Mzungu yule alifunga masanduku, akavuka mpaka na asionekane tena. Kasonia alirudi nyumbani na jembe moja na bahasha ya kaki iliyoshonwa kwa uzi. Bahasha ilikaa juu ya dari miaka mitatu. Kisha siku moja, bila kumwambia mtu, aliifumua, akaloweka mbegu zilizokuwamo na kuzipanda katika mikebe ya maziwa ya unga.

Tangu hapo mambo yake hayakueleweka. Jioni baridi iliposhuka, watu wakiingiza hata kuku ndani, yeye alitoa mikebe nje. "Lazima isikie baridi," alisema, "bila hivyo haizai." Tangu lini mmea ukazaa kwa kuteswa? Na hata ulipohamishiwa ardhini haukuzaa. Mwaka mzima ulitanua majani tu, ukala nafasi ya maharagwe na vitunguu. Mwaka wa pili, katikati ya 1964, ndipo vichwa vilipochomoza: vya kijani, magamba juu ya magamba, vimefumbwa kama ngumi ya mtu aliyeficha kitu.

Siku hizo kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake mikononi. Redio ilisema hili, barabara ikasema lile. Wasafiri kutoka Beni walisimulia kwamba waasi wako njiani na kwamba wanatafuta watu wa Wazungu nyumba kwa nyumba. Kanyere alilala na wazo moja na kuamka nalo. Mtu halindi mali isiyo yake miaka minne bure. Kasonia anamngoja bwana wake. Labda wameagana. Labda mmea huu ni alama.

Siku moja kijitoni, akifua nguo na rafiki yake Kavira, wazo hilo lilimponyoka.

"Mume wangu analinda kitu ya ule Muzungu," alisema. "Naona anamungojea."

Kavira alikamua shuka. Yalikuwa maneno mepesi kama povu la sabuni, na maji yakayachukua.

Waasi waliingia mjini wiki tatu baadaye. Siku ya nne walifika kwao, watu saba wenye mikuki na bunduki mbili, matawi mabichi yamefungwa vichwani. Walimfunga Kasonia mikono nyuma, wakampigisha magoti kando ya miche yake. Mkuu wao, kijana mwenye sauti ya upole iliyotisha kuliko ukali, alikata kichwa kimoja cha mmea akakigeuzageuza.

"Hii iko nini?"

"Artisho," Kasonia alisema. "Iko chakula."

"Chakula ya nani?"

"Ya Bazungu."

Kanyere alitaka mumewe aseme uongo, uongo wowote, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba hakuwahi kumsikia akisema hata mmoja.

"Batu wanasema unamungojea Muzungu yako," kijana alisema. "Unamulimia kabisa."

Kanyere aliyatambua. Yalikuwa maneno yake. Yalikuwa yamezunguka mji, yakabadili nguo, sasa yamerudi na mikuki.

"Simungojee," alisema Kasonia. "Nililima hii miaka kumi na mbili. Nilikuwa nabeba vichwa mupaka mulango ya nyuma ya jiko, napatia mupishi, narudia shamba. Hata siku moja sikuonja. Nilitaka nijue iko na utamu gani." Akamgeukia Kanyere. "Mimi na bibi yangu."

Mmoja wa waasi alicheka. Kijana hakucheka.

"Kama hukuonja, unajua namna gani inakuliwa?"

"Nilikuwa namwaga takataka yao. Majani ilikuwa inarudia na alama ya meno chini tu. Manyoya ilikuwa inarudia yote. Kitu ya chini ya manyoya, ile haikurudia hata siku moja."

Kijana alikitazama kile kichwa kwa muda mrefu. Kisha akamtupia Kanyere miguuni.

"Pika. Kama iko chakula, utakula. Kama iko dawa, tutaona."

Chungu kilichukua muda kuchemka. Kanyere alichochea moto na mawazo yakamchochea yeye. Hakuwahi kuuliza swali la pili juu ya kitu hiki. Alikuwa ameuliza mara moja, akajibiwa "utaona", na yaliyobaki akajijibu mwenyewe, gizani mwa moyo wake, kwa jibu baya kuliko yote. Sasa uhai wa mtu ulining'inia juu ya alama za meno alizozisoma mumewe katika jaa la wenyewe. Je, ikiwa alisoma vibaya? Alimtazama Kasonia. Naye alikuwa akimtazama, hakuomba wala hakuonya. Alimtazama kama mtu anayesubiri mvua ambayo amekwisha kuipandia.

Alikiopoa. Akachomoa jani la kwanza, akaliuma chini, akaburuta meno. Palikuwa na nyama laini kidogo tu, ndogo hata ya kumwonea aibu mgeni. Akachomoa la pili, la tano, la kumi. Waasi walisogea. Alipofika katikati alikuta manyoya, mengi, mafupi, kama ya panya mchanga. Mtu mmoja nyuma yake alitema mate. Kanyere alichukua kisu akayakwangua yote, akabakiwa na kitu mfano wa kisahani cha kijivu. Akakitia mdomoni.

Kilikuwa kitamu. Kilikuwa na ladha ya karanga mbichi na ya majani baada ya mvua, na ladha nyingine ambayo hakuwa na jina lake. Aliacha nusu, na kijana akaamuru nusu hiyo atiwe Kasonia mdomoni. Kanyere alimlisha kwa mkono wake. Kisha alikunywa maji kutoka kwenye kibuyu, akashtuka: baada ya mboga ile maji yalikuwa matamu, kana kwamba mtu ameyatia asali. Alijizuia uso usiseme kitu. Neno moja la mshangao, na wangesema ni dawa. Akamnywesha mumewe, akaona macho ya Kasonia yakifunguka kwa mshangao uleule, kisha yakatulia. Katikati ya mikuki saba walikuwa na siri moja, na ilikuwa ya kwanza kwao kuishika pamoja kwa miaka mingi.

Waasi wenyewe hawakuonja. Dawa yao ya vita iliwakataza chakula kilichopikwa na mwanamke. Walingoja mpaka jua lilipopinduka. Walipoona hakuna aliyekufa, wakamfungua Kasonia. Lakini walifyeka mmea wote, kwani chakula cha Wazungu ni cha Wazungu hata kikiwa kitamu, wakachukua mbuzi na kuondoka. Kijana aligeuka langoni.

"Muzee, chunga batu ya karibu. Habari haikutoka mbali."

Neno hilo lilibaki uani baada yao. Kasonia hakulijadili, aliutazama tu ua uliowatenga na jirani yao, Ésaïe, fundi viatu, ambaye mara nyingi aliegemea pale akiulizia ile mimea ya ajabu. Tangu siku hiyo Ésaïe aliposalimia, Kasonia hakuitika. Kanyere aliona na kunyamaza. Kila siku alijiambia kesho atasema, na kila kesho ilikuja na sababu yake.

Miezi ikapita. Waasi walikimbia, jeshi la serikali likaingia, na sasa ikawa zamu ya wengine kufungwa mikono. Wanajeshi walitaka majina ya wote waliowasaidia waasi. Waliotajwa walipakiwa kwenye lori la kwenda Beni, na lori lilirudi tupu.

Jumatatu moja asubuhi Kanyere alimkuta mumewe akivaa koti la kanisani.

"Unaenda wapi?"

"Kwa basoda. Banaomba majina."

"Jina ya nani?"

Kasonia alielekeza kidevu uani.

"Hapana Ésaïe," alisema Kanyere.

"Unajuaje?"

Angeweza kusema kwamba Ésaïe ana watoto sita. Angeweza kusema kisasi ni cha Mungu. Yote hayo yalimjia ulimini, mazuri, tayari kwa kusemwa, na yote yalikuwa ya kujifichia.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia Kavira kule mutoni. Nilisema unamungojea Muzungu. Hakuna mwingine."

Kasonia alisimama, mkono mmoja umo katika koti, mwingine nje.

"Uliniona niko mutu wa namna gani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Sikuona. Niliwaza tu. Ningeuliza tena, sikuuliza."

Alingoja amtukane, au ampige, au aondoke. Kasonia hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama mikono yake, mahali kamba ilipoacha alama, kisha akatazama mlango.

Nje, ng'ambo ya ua, Ésaïe alikohoa na kufungua dirisha la karakana yake. Kama alivyofanya kila asubuhi kwa miezi mitano bila kujibiwa, aliita:

"Jambo, jirani! Muliamuka?"

Nyundo ya fundi iligonga mara moja, ikasita, kana kwamba nayo inasikiliza.

"Tuliamuka," Kasonia aliitika.

Koti hakulivua. Wala mkono wa pili hakuuingiza.