Cheti Ndani ya Mtungi wa Dengu

Mfuniko wa mtungi ulikwaruza gizani, naye Taesi akaganda, mkono umezama kwenye dengu. Binti yake Tabe alijigeuza mkekani, akalala tena. Vidole vikagusa alichokuwa anakitafuta: cheti cha mafunjo chenye mhuri, kwamba Taesi, mjane wa Kastori, aliifukizia miungu ubani mbele ya maofisa.

Ni kweli alifukiza. Askari alikuwa amemshika Tabe mkono, na mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya. Tangu siku hiyo, mwaka na ushei, Taesi husimama mlangoni mwa kusanyiko pamoja na wengine walioanguka kwa kumkana Kristo, akitazama wenzake wakila mkate wa Bwana. Tabe hupewa. Yeye hapewi.

Sasa Askofu Neilamoni alikuwa ametoka mafichoni, akatuma neno: anayetaka kurudi alete cheti chake kichomwe. Lakini sokoni walisema amri mpya ya Kaisari, ya kufukizia miungu, iko njiani. Askari wakirudi, bila cheti atawaonyesha nini?

Alfajiri waumini walikusanyika nyumbani kwa mfinyanzi. Taesi akapita katikati yao, akakiweka cheti juu ya makaa. Kikajikunja, kikawaka, kikaisha. Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Askofu akimkataa sasa, atakuwa amekosa mwana na maji ya moto.

Mzee Horioni, aliyekataa kufukiza na kutoka gerezani na vidole vilivyopinda, akakohoa.

"Vyangu vilivunjwa, binti," akasema. "Vyako vilishika ubani. Leo tule sahani moja?"

Mke wa mfinyanzi akanong'ona kwamba huyu mzee, akifika peponi, atawakagua hata malaika vidole. Hakuna aliyecheka. Askofu alikuwa ameinamisha kichwa. Kila mtu alijua kwamba yeye mwenyewe alikimbia, akalala makaburini zaidi ya mwaka, na kwamba mbele ya vidole vile hana mdomo.

Akaanza kugawa mkate. Akampa Horioni, akampa mfinyanzi na mkewe, akainama akampa Tabe kipande kidogo. Mbele ya Taesi akasimama. Mkono wake ulikuwa ndani ya kikapu, hautoki.

Taesi alitazama chini, akihesabu pumzi zake.

Tabe alikuwa amekishika kipande chake kwa mikono miwili, hajakionja. Akamwinulia askofu uso.

"Mama hajala," akasema.