Watoto wa Sauti Nzito

Sare ya kwaya ilikuwa juu ya meza ya kulia, shati limekunjwa juu ya suruali, na tai imeviringwa kama konokono juu ya vyote. Seremala alikuwa ameipiga pasi mwenyewe tangu alfajiri. Alisema kesho, Jumamosi, kabla ya mazoezi kuanza, ataipeleka kwa mwalimu wa kwaya ili apewe mtu mwingine mwenye sauti.

Binti yake alisimama mlangoni na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Miaka ishirini baba yake alikuwa ameimba besi, ile sauti nzito ya chini, katika kwaya ile ya mtaa. Na miaka miwili sasa, tangu awe fundi wa kurekodi, ni yeye binti aliyekuwa akiwarekodi ukumbini na kuzichanganya nyimbo zao kwenye kompyuta. Akauliza kulikoni, kuna mtu kamuudhi?

Baba akasema hakuna ugomvi. Ni kwamba kila wimbo mpya unapotumwa kwenye simu za wanakwaya, yeye huusikiliza mara tatu, mara nne. Huwasikia akina mama, huwasikia vijana, hata kikohozi cha mpiga kinanda hukisikia. Ila yeye mwenyewe hajisikii.

"Sauti imekwisha, mwanangu," alisema. "Niliwahi kununua ubao wa namna hiyo. Kwa macho mzima kabisa, ukiugonga, mtupu."

Bibi, mama yake seremala, alikuwa jikoni akichambua maharage. Akadakia kwamba hata yeye kwenye simu yake hajapata kumsikia mwanawe; alidhani kaajiriwa kufungua mdomo tu ili safu ijae. Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo seremala alichukua randa yake akaenda karakana.

Binti akaenda na kikombe chake chumbani pake pa kazi, nyuma ya nyumba. Zamani palikuwa stoo ya mbao, na harufu ya mbao haijatoka mpaka leo. Akaufungua wimbo wa mwisho waliorekodi, akaketi mbele ya zile spika zake mbili kubwa. Ubeti wa pili baba aliingia, chini kabisa, hata kijiko kikatetemeka ndani ya kikombe. Sauti ilikuwepo nzima, nene, haina hata kovu. Akatoa simu mfukoni, akaupiga wimbo uleule. Baba hayupo.

Akaiweka simu mbele ya spika moja. Kumbe miaka yote miwili alikuwa akichanganya nyimbo mbele ya spika zenye ukubwa wa kabati, halafu anawatumia watu wanaosikiliza kwa simu ambayo spika yake haizidi punje ya haragwe. Kispika kile hakina kifua cha kutoa noti nzito kiasi kile. Kila wiki alikuwa akiisifu besi ya baba yake, na besi yenyewe haikupata kutoka nje ya chumba kile. Sauti ya baba haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa lake.

Kwanza alijaribu kuiongeza nguvu sauti ya baba. Simu ikakoroma kama mtu aliyekabwa. Akairudisha ilipokuwa. Ndipo akakumbuka programu moja ndogo aliyoiweka kwenye kompyuta siku nyingi bila kuitumia, ya kukoleza sauti, ambayo yeye huiita kikolezo. Akaifungua, akaiweka juu ya sauti ya baba, akazungusha kitufe mpaka mwisho kwa furaha, kisha akautuma wimbo kwa bibi.

Bibi alisikiliza na simu imebanwa sikioni, uso umekunjamana.

"Huyu nani?" akauliza. "Mwanangu hana mafua."

Ilikuwa kweli. Baba alisikika kama nyuki ndani ya kopo. Binti akarudi, akapunguza nusu. Bibi akasema sasa mafua yamepungua ila bado anaongea na pua. Akapunguza tena, robo, na chini ya robo. Safari ya tano jikoni, bibi alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake uliacha kuchambua maharage. Kisha akamwita mwanawe kule karakana kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula.

Seremala alikuja na vumbi la mbao nyusini. Akausikiliza wimbo kwenye simu ya mama yake, akiwa amesimama. Ubeti wa pili ukafika, na binti akamwona akiinua kidevu kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina barabarani. Kisha akakunja uso.

"Hii sauti yangu," aliuliza, "au umenipaka rangi?"

Maisha yake yote mzee yule hajapata kuziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao, akapaka rangi juu, akauza. Binti angeweza kusema ni sauti yako, baba, na sare ingerudi kwenye msumari wake. Lakini alijua angekuwa ameuza kabati lenye ufa.

"Kuna kitu nimeongeza," alisema. "Njoo uone."

Tangu stoo igeuzwe, seremala hakuwa ameingia mle. Mambo ya kompyuta, alikuwa akisema, si yake. Akainama mlangoni, akaketi. Binti akakiondoa kikolezo, akaupiga wimbo mtupu kwenye spika kubwa. Kijiko kikatetemeka. Seremala akakitazama kijiko, akaitazama spika, akaweka kiganja juu ya meza kama anavyopima ubao uliopigwa randa.

Binti akamweleza taratibu. Kila noti nzito ina noti ndogondogo juu yake, kama watoto wake. Noti nzito ndiyo baba, na simu haimwezi, ni mzito mno. Kikolezo humtazama baba, kisha huongeza watoto wanaofanana naye. Hao simu inawaweza. Na sikio la mtu likiwasikia watoto, linamtambua baba yao na kumweka mahali pake lenyewe.

Seremala akajipangusa vumbi nyusini. Binti hakujua kama ameelewa. Bibi, aliyekuwa ameegemea mlango na ungo wake, akasema, "Kitendawili."

"Tega," wakajibu wote wawili, kwa mazoea.

"Watoto wamekwenda harusini, baba yao kabaki nyumbani, na wageni wote wanaapa wamemwona."

Binti akamtazama baba yake. Kisha seremala akajigusa kifuani kwa kidole. "Ni mimi," akasema. "Mimi kwenye simu."

"Umepata. Na utoto wako wote hukuwahi kupata hata kimoja."

Seremala akacheka, mara ya kwanza siku ile. Kisha akamwomba binti akirudishe kikolezo, na kukipunguza kidogo. Kinang'aa mno, alisema, kama kabati la dukani. Binti akapunguza. Kidogo tena. "Hapo," akasema, "acha hapo."

Kesho yake saa tisa alasiri alitoka chumbani amevaa sare kamili, na tai. Mama yake akamuuliza tangu lini mazoezi yanavaliwa sare.

"Imeshapigwa pasi," alisema. "Pasi isiende bure."

Akatoka. Mpaka anafika kona walikuwa wakimsikia akiimba.