Kikaratasi cha Ukurasa wa Hamsini na Mbili

"Katika mtaa huu wote hakuna anayejua kufuta penseli kunishinda mimi," alisema Mitsuyo, akapuliza unga wa kifutio uliolala juu ya pua ya samurai aliyechorwa kitabuni. "Tulikuwa wawili. Mwenzangu kafariki mwaka juzi, ndiyo nikapanda cheo."

Kazuhiko Ogiwara, mwenye duka, alikuwa juu ya ngazi na rundo la vitabu kifuani. "Shangazi, hata alipokuwa hai ulikuwa wa pili."

"Wa pili kati ya wawili si haba. Wewe umekuwa wa ngapi, mpaka leo hujaoa?"

Kazuhiko alicheka kimyakimya, ngazi ikatikisika. Hakuwa mpwa wake wa damu. Mitsuyo aliingia duka hilo enzi za baba yake, mjane wa miaka ishirini na miwili, akapewa meza, kifutio, na mtoto mchanga wa tajiri ambebe mgongoni. Binti yake mwenyewe, Sayoko, alikuwa akitambaa chini ya meza hiyo hiyo. Sasa yule wa mgongoni alikuwa na upara, na meza ilikuwa imechimbika mahali kiwiko cha Mitsuyo kilipokaa miaka hamsini na ushei.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama shukrani ya mchoyo. Mtaa wa Jimbocho una maduka ya vitabu vikuukuu ya kila namna, lakini hili liliuza kitu kimoja tu: katalogi za maonyesho ya sanaa. Za skrini za kukunja, za bakuli za chai, za panga, za chapa za mbao. Mtu huenda kwenye maonyesho, miguu ikamuuma, akanunua katalogi ili akaangalie nyumbani akiwa amekaa. Nyumbani haangalii. Siku akifa, watoto wake wanaita gari lizilete hapa.

Na zikishafika, zinakwenda kwa Mitsuyo. Yeye huzifungua jani kwa jani, akahesabu kurasa, akatoa tiketi za treni, majani makavu na nywele, kisha akafuta yale marehemu waliyoyaandika pembeni. Waliandika mambo. *Ghali mno. Mke wangu angeupenda mti huu. Nina njaa.* Mitsuyo alisoma kila neno mara moja, kwa heshima, kisha akalifuta. Alijiona kama mtu aliyeachwa nyuma msibani afagie.

Jambo la mwisho ni kikaratasi. Katalogi ikishatoka mtamboni ndipo makosa hujitokeza, kama jipu siku ya harusi. Hapo makumbusho huchapa kikaratasi cha masahihisho, chembamba, upana wa kiganja, na kukiingiza ndani bila gundi: ukurasa fulani, badala ya hili soma hili. Chenyewe hakifai hata kufungia dagaa. Lakini katika biashara hii, katalogi iliyopoteza kikaratasi chake si kamili. Huwekwa kwenye sanduku la nje, mlangoni, na mvua ikija kwa upande huanza na hiyo. Kwa hiyo Mitsuyo huishika katalogi kwa mgongo, akaitikisa taratibu, akangoja kuona kama kitaanguka. Alikuwa mwongo kama watu wengine: katika umri wake, katika shinikizo lake la damu na katika idadi ya maandazi ya maharage aliyokwisha kula. Katika kikaratasi, hapana. Hakuwahi kusema kipo na hakipo, wala hakipo na kipo.

"Anza na hii," Kazuhiko alisema, akishuka. Aliweka mbele yake katalogi moja nyembamba. "Imetoka kwenye sanduku la jana. Bi Amagase yuko kwenye treni kutoka Kanazawa, saa saba atakuwa hapa. Miaka kumi na moja ananipigia simu kuiulizia. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Ifute, ihesabu, uifunge vizuri."

Jalada lilikuwa la kijani cha chai. *Kinga ya Mgongo: Kimono za Watoto wa Nchi ya Theluji.*

Mitsuyo alichukua birika, akamimina chai, akaisahau.

Yeye alikuwa amewahi kuiona. Alikuwa nayo nyumbani, ndani ya kabati la magodoro, nyuma ya blanketi la baridi, na ilikuwa miaka ishirini na miwili hajaifungua.

Kimono ya mtu mzima ina mshono katikati ya mgongo, na mshono huo ndio jicho lake la nyuma. Unakesha mwenyewe akilala. Ya mtoto mchanga ni ndogo, kitambaa kimoja kinatosha, mgongo unabaki mtupu bila mshono, na mabaya yanajua pa kuingilia. Ndiyo maana mama hushona alama ndogo chini ya ukosi, kwa uzi mwekundu, ili mtoto naye awe na anayemtazamia nyuma. Mitsuyo alimshonea Sayoko kereng'ende, mdudu asiyerudi nyuma. Alimshona wiki ile aliyozika mume, basi bawa moja likaenda kombo. Sayoko alipofika miaka sita akaivuta kimono ile sandukuni, akaikagua kama hakimu. "Mama, huyu ni nzi."

Sayoko akakua, akasoma kuliko mama yake alivyojua kuna kusoma, akaajiriwa na makumbusho madogo huko kwenye theluji. Siku moja akapiga simu: tunaandaa maonyesho, mama, niazime ile kimono yangu. Mitsuyo hakuiamini posta. Alipanda treni nayo mapajani, akaipakata njia nzima kama vile ndani mlikuwa na mtu.

Katalogi ilimfikia kabla maonyesho hayajafunguliwa, nakala ya kwanza kabisa kutoka mtamboni, ingali inanuka wino. Alinawa mikono mara mbili. Picha namba thelathini na saba ilijaza ukurasa mzima: kereng'ende wake, bawa lake la kombo, mkubwa kama kunguru. Akafungua nyuma kwenye maelezo, ukurasa wa hamsini na mbili, kujitafuta.

*Mshonaji: hajulikani.*

Alipiga simu akiwa bado amepiga magoti. "Kama mama hajulikani," alisema, "basi na mtoto wake hajulikani."

"Mama, subiri nikueleze..."

Akakata. Simu ililia siku nyingi baada ya hapo, na mwenye simu amekaa mbele yake akiitazama. Kisha ikaja bahasha, nyepesi kama haina kitu. Mitsuyo aliandika juu yake *irudishwe kwa aliyeituma*, kwa mwandiko mzuri, akairudisha posta. Mwezi wa pili mshipa ulipasuka kichwani mwa Sayoko akiwa anazoa theluji mlangoni pa kazi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kazuhiko alikwenda mazishini, akajua theluji, akajua mshipa. Habari ya katalogi na ya simu Mitsuyo hakumwambia mtu.

Sasa akaanza kazi, kwa sababu mikono haijui kitu kingine. Alihesabu kurasa. Mwenye katalogi hakuwa ameandika pembeni, alikuwa mtu msafi. Hapakuwa na cha kufuta. Akaishika kwa mgongo, akaitikisa taratibu.

Kikaratasi kikaanguka juu ya meza.

*Masahihisho. Ukurasa wa 52, picha namba 37. Badala ya "Mshonaji: hajulikani" soma "Mshonaji: Nogami Mitsuyo". Tunaomba radhi.*

Alikisoma mara moja, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akakisoma tena, na hiyo haikuwa desturi yake.

Aliijua kazi hii. Hakuna makumbusho maskini yanayochapa kikaratasi kwa kosa moja la mstari mmoja, jina la mama asiye na jina. Hungoja makosa yafike matano, au mwenye mali alalamike. Mwenye mali hakulalamika kwao. Alilalamika kwa mtoto wake na kukata simu. Basi kuna mtu aliyesimama mbele ya meza ya mkubwa wake, mfanyakazi mgeni, tena mwanamke, akakataa kukaa mpaka kikaratasi kichapwe. Na kilipochapwa, kikakuta nakala ya kwanza imekwisha ondoka. Kikatiwa kwenye bahasha. Kitu chembamba vile hakiwezi kuipa bahasha uzito.

Maelfu ya katalogi za watu alikuwa amezitikisa. Yake hakuwahi kujiuliza kama ni kamili.

Kazuhiko alikuwa mlangoni, akivuta sanduku la nje ndani kidogo, maana mvua ya mwezi wa sita ilikuwa imeanza. Angeweza kumwomba. Angempa, hata kama Bi Amagase angeondoka amenuna. Lakini kuomba ni kueleza, na kueleza ni kulisema lile neno la kwenye simu kwa sauti, tena mbele ya mtoto aliyembeba. Mitsuyo alifungua kifungo cha juu cha aproni, akakiweka kikaratasi kifuani, akafunga kifungo. Chai ilikuwa imepoa. Akainywa hivyo hivyo.

Bi Amagase alifika saa saba kasoro, mwembamba, mwavuli wake ukiwa umekunjwa na kufungwa kwenye mfuko wake wa plastiki ili usidondoshee vitabu maji. Alikuwa amefundisha ushonaji maisha yake yote. Aliutazama mshono wa aproni ya Mitsuyo kabla ya kuutazama uso.

"Samahani kwa usumbufu," alisema, akiinama. "Miaka kumi na moja nimekusumbua, bwana Ogiwara."

"Nimezoea, mama. Usiponipigia mwezi mzima nadhani umefariki."

"Bado. Nilikuwa naisubiri hii." Akanawa mikono kwenye beseni la pembeni bila kuambiwa, akakaa, akaishika katalogi kwa mgongo, na kuitikisa taratibu.

Hakikuanguka kitu.

Akatikisa tena. "Na kikaratasi?"

Kazuhiko alimgeukia Mitsuyo, bila shaka yoyote usoni, kama mtu anayeuliza saa.

"Hakikuwamo," alisema Mitsuyo.

"Umetazama vizuri, Shangazi?"

"Nimeanza kutazama kabla hujaota meno."

Bi Amagase aliiweka katalogi mezani polepole. "Basi ndiyo hivyo. Maktaba ya kwetu wanayo moja. Kwenye kadi imeandikwa: pamoja na kikaratasi kimoja cha masahihisho. Nikafungua, kimepotea. Nikaandika barua makumbusho, nikakuta yamefungwa. Mzee mmoja aliyekuwa mlinzi pale akanijibu. Akasema anachokumbuka ni kwamba kina jina la mshonaji wa picha ya thelathini na saba, na kwamba kwa ajili yake binti mmoja wa pale alisimama siku mbili ofisini kwa mkubwa, hali wala hakai." Akatabasamu, lakini tabasamu halikufika popote. "Nilitaka kumjua mshonaji. Huenda yuko hai."

"Huenda amekufa," alisema Mitsuyo.

"Huenda."

Kazuhiko alikuwa ameivuta katalogi upande wake, aone atapunguza vipi bei ya kitu kisicho kamili. Akafika ukurasa wa hamsini na mbili, akatulia. Kurasa za maelezo zilikuwa za karatasi ya kawaida na zilikuwa zimegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, zote. Ila hapo, pembeni mwa mstari wa picha ya thelathini na saba, palikuwa na umbo jeupe, limenyooka pande zote, upana wa kiganja. Alipokuwa na miaka saba, Mitsuyo ndiye aliyemfundisha: karatasi iliyofunikwa haizeeki pamoja na wenzake, ukiona weupe, ujue kuna kitu kililala hapa, tena mpaka juzi juzi.

Hakumtazama Mitsuyo. Aliweka kiganja chake juu ya ule weupe, kikaenea sawasawa, akakiacha hapo.

"Mama," alimwambia Bi Amagase, "nitakupunguzia. Ubaya tu ni kwamba umetoka mbali."

"Si kitu. Picha yenyewe ipo." Akafungua mbele, kwa upande wake wa kitabu, mkono wa Kazuhiko ukiwa bado umenasa kule nyuma kama alama ya msomaji. Ile picha ikajaza ukurasa. Akaisogelea mpaka miwani ikakaribia kugusa. "Tazama mkono huu. Uzi umevutwa mno hapa, halafu hapa umelegea, kama mtu aliyekuwa analia akajikaza. Nimewaonyesha wanafunzi wangu nakala ya picha hii mwaka hadi mwaka. Huwa nawaambia, yeyote aliyemshona nzi huyu..."

"Ni kereng'ende," alisema Mitsuyo.

Mvua iligonga kifuniko cha sanduku la nje. Bi Amagase aliinua uso.

"Maelezo yanasema 'mdudu' tu," alisema taratibu. "Hata yule mlinzi hakujua. Wewe umejuaje, dada?"

"Ana mabawa manne. Hesabu." Mitsuyo alikuwa ameshika kifutio na kukisugua juu ya meza, mahali pasipo na kitu. "Moja limekwenda kombo, lakini ni manne."

Bi Amagase hakuhesabu. Kazuhiko naye hakuondoa kiganja. Mitsuyo alijaribu kutopumua, mwanamke wa miaka sabini na minne, akaweza kidogo tu. Kifua kikapanda, na ndani ya aproni kikaratasi kikachakarika, wote watatu wakakisikia.