Bahari Ilipofika Itetemia

Bahari ilifika Itetemia Jumanne, saa nne asubuhi, Minza akiwa anang'oa karanga. Iliondoka Bagamoyo mwezi wa pili, ikafuata njia ile ile ya misafara ya zamani, Mpwapwa, Kilimatinde, Tura, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Siku tisini. Ilipoingia shambani ilikuwa hoi, inahema.

"Hodi," ilisema.

"Karibu," alisema Minza. Mtu wa Tabora hamuulizi mgeni kilichomleta kabla hajakaa. Bahari ikakaa. Ilijaza bonde lote la mpunga, ikapanda hadi hatua tatu kutoka kaburi la Mahona, marehemu mumewe Minza, na hapo ikajivuta nyuma kidogo kwa adabu. Jioni ndipo ilipoeleza, kwa Kiswahili chake cha pwani, kwamba zamani ililetewa watu wengi kutoka huku, wengine na mizigo vichwani, wengine na minyororo shingoni, na haijawahi kufika kwao hata kuwapa pole ndugu zao. Minza akaipa pole ya safari.

Na ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Asubuhi ya kijani, mchana buluu, kaa wakitembea juu ya matuta kama wanakagua kilimo. Watu walikuja kutoka Gongoni na mikeka na mihogo ya kuchemsha. Mapadri walikuja kutoka Kipalapala wakakunja suruali. Walioga, wakacheka, wakarudi kwao na mchanga kwenye nywele.

Wiki ya tatu akaja bwana mmoja wa ofisi, Erasmus, na futi ya kupimia. Sheria kila mtu anaijua: hakuna kukaa ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji. Alipima mpaka mlangoni kwa Minza, akachora X nyekundu ukutani.

"Lakini maji ndiyo yaliyonifuata mimi, baba."

"Futi haijui nani kamfuata nani, mama."

Nyumba ilivunjwa Ijumaa. Minza akahamia Gongoni kwa mdogo wake, Siwema. Mwezi haukuisha, ndani ya mita zile zile sitini ikasimama hoteli yenye uzio na geti, na kaburi la Mahona likiwa ndani. Hapo, jamani, kuna neno lingefaa, lakini tuna heshima zetu.

Gongoni Minza hakutulia. Akikaa anasimama, akipika anaunguza. Alizoea kulifagia lile kaburi kila Alhamisi, na Alhamisi ilipofika akachukua ufagio akaenda. Getini alimkuta Lugembe, jirani yake wa miaka thelathini. Naye alivunjiwa nyumba. Sasa amevalishwa sare ya ulinzi na kupewa daftari la wageni.

"Andika jina na unakotoka, mama Sayi."

"Ina maana hunijui?"

"Mimi nakujua. Daftari ndilo halikujui."

Akaandika: Minza, Gongoni, mgeni, kuangalia bahari.

Alifagia kaburi, kisha akakaa kuangalia maji. Yalimpendeza, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Bahari ilimwona alivyo, ikaona haya.

"Nisogee?" iliuliza.

"Sogea kidogo tu. Usiende mbali, umechoka."

Ikasogea mita sitini kamili. Alhamisi iliyofuata Minza alikuja na jembe, aanze msingi. Erasmus aliitwa, akapima, akakubali bila ubishi kwamba pale palipokuwa nyumba sasa panaruhusiwa kujengwa. Ila pana mwenyewe: hoteli.

"Mwenyewe ni mimi," alisema Minza.

Erasmus akaomba daftari, akafunua ukurasa. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Umeandika nini hapa?"

Minza alisoma: "Mgeni, kuangalia bahari." Erasmus akamwambia, kwa upole kabisa, afurahie mandhari, kwani wageni wote wanakaribishwa.

Akakaa karibu na Mahona mchana kutwa, jembe mapajani. Mawimbi yalikuja na kurudi, hayajui yakae wapi. Saa kumi na mbili Lugembe akaja, anaangalia viatu vyake.

"Muda umekwisha, mama Sayi. Wageni wanatakiwa kutoka."

Minza akanyoosha kidole majini. "Na huyu je?"

"Hiyo ni mwenyeji," alisema Lugembe.

Minza akajikung'uta mchanga, akaiaga bahari, akatoka. Lugembe akafunga geti.