Tepu ya Shangazi

Mwaka jana nilifika mwisho wa mbio nikiwa nimekaa. Nimekaa kwenye kiti cha gari, mgongo umeegemea, chupa ya maji mkononi, namba bado iko kifuani. Gari lenyewe ni lile linalowafuata wakimbiaji wa nyuma na kuwazoa. Mbio ni nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, na sheria yao ni moja tu: ukifika kwenye bango la kilomita kumi baada ya dakika sabini kupita, safari yako imeisha, panda. Mimi nilichelewa dakika sita. Wanangu pacha walikuwa wananisubiri mwisho na bibi yao, yaani mama mkwe wangu, na waliponiona nateremka garini walipiga makofi wakidhani nimeshinda. Walikuwa na miaka minne, hawana kosa. Mama mkwe hakupiga makofi. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akasema, "Kumbe ungepanda gari tangu nyumbani."

Mimi ni fundi cherehani, na watu wanajua mdomo wangu una makali kuliko mkasi wangu. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani, nikaapa kwamba mwaka unaofuata nitalipita lile bango kwa miguu yangu mwenyewe, na nikishindwa naachana na mbio moja kwa moja, viatu nampa wifi.

Sasa kuapa ni rahisi. Kazi ni kutafuta saa za mazoezi. Mume wangu ni fundi friji, anaitwa huku na kule, hana saa ya kutoka wala ya kurudi. Pacha wanaamka saa kumi na mbili na nusu wakiwa na njaa na maswali. Duka nafungua saa mbili, na mama mkwe tunaondoka naye, maana yeye ndiye ananishonea vifungo. Anakaa kwenye kona yake na kopo lake la vifungo, anasikia kila kitu na hasahau kitu. Kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa moja, saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo wenye akili wanageukia upande wa pili wa mto wa kulalia.

"Mke wa mtu anakimbia kila siku," mama mkwe alikuwa akimwambia mume wangu, mimi nikiwa palepale. "Hebu muulize, anamkimbia nani?"

Nilikuwa nakimbia kuzunguka ukuta wa ghala lililo nyuma ya mtaa wetu. Ili nijue umbali, mimi na mume wangu tulichukua kamba ya kuanikia nguo, tukaipima kwa tepu yangu mpaka ikawa mita hamsini kamili, tukazunguka nayo ukuta mzima. Mama mkwe alikaa juu ya ndoo akihesabu, kwa sababu alisema sisi wawili hatuaminiki kwa hesabu. Kamba ikaingia mara kumi, na pale ilipopungua kidogo tukapanua kona. Mita mia tano. Raundi ishirini, kilomita kumi. Mume wangu akapiga mstari wa rangi nyeupe ukutani, na hapo ndipo pakawa mahakama yangu.

Hiyo tepu niliachiwa na shangazi, aliyenifundisha kazi, siku macho yake yalipomkatalia kutunga uzi kwenye sindano. Ni ya kitambaa, zamani ilikuwa ya njano. Haitoki shingoni mwangu. Nimeifua, nimeianika, nimeipiga pasi, nimewahi hata kumfungia mtoto mkono ulioteguka. Fundi mwenzangu akiiazima namtazama mpaka arudishe.

Basi nikakimbia. Mwezi wa kwanza dakika themanini. Mwezi wa tatu sabini na tano. Nikafika sabini na mbili, na hapo nikanasa. Wiki ya kwanza sabini na mbili, ya pili sabini na tatu, ya tatu sabini na mbili tena. Nikaongeza siku za mazoezi kutoka tatu mpaka tano, kisha sita. Usingizi ukapungua. Nikaunguza kola ya shati la mteja kwa pasi. Nikasinzia juu ya cherehani nikaamka na alama ya gurudumu shavuni. Asubuhi moja pacha mmoja alikwenda shule ya chekechea na viatu viwili vya mguu wa kushoto, na mwenzake na viwili vya kulia, na mimi ndiye niliyewavalisha.

Mume wangu ni mpole, lakini mpole naye ana mwisho. "Nyumba hii imekuwa stendi," akaniambia. "Tunapishana mlangoni. Mama watoto, mimi sikukatazi kukimbia. Lakini tuwekeane kikomo."

Tukawekeana. Jumapili ya mwisho kabla ya mbio ningekimbia raundi ishirini kwa mara ya mwisho, yeye akishika saa. Chini ya dakika sabini, nakwenda kwenye mbio. Zaidi ya hapo, namba anachukua wifi yangu, dada yake, ambaye ni mrefu na anakimbia kama ameitwa kupokea zawadi.

Jumapili ile nilikimbia mpaka nikaonja chumvi. Nilipovuka mstari mweupe nilimtazama mume wangu usoni. "Sabini na mbili na sekunde kumi," akasema kwa sauti ndogo, kama daktari.

Nilikaa chini pale ukutani nikalia. Sikulia kwa ajili ya mbio tu. Nililia kwa ajili ya alfajiri zote zile, na viatu vya pacha, na kola iliyoungua, kwamba vyote hivyo nilivitoa na havikununua zile dakika mbili zilizobaki. Tulipofika nyumbani nikatangaza kwamba namba apewe wifi. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. "Bora," akasema, akaendelea kumenya.

Jumatatu nikafungua duka na macho yamevimba. Saa nne akaingia mwuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mnene, mtaratibu, amebeba mfuko mkubwa. Ijumaa nilikuwa nimempelekea gauni kumi na nane za wauguzi wake. Walikuwa hawawezi kutoka kazini kuja kupimwa, kwa hiyo aliwapima yeye mwenyewe, akaniletea vipimo kwenye karatasi.

"Fundi," akasema, "mimi najua kazi ni ngumu. Lakini wauguzi wangu hawajakonda tangu niwapime."

Akatoa gauni moja akalivaa juu ya nguo zake, lile lake mwenyewe. Linapwaya. Mabega yameteremka, kiuno kimelegea, pindo linafagia ndala. "Na zote kumi na nane ni hivi hivi," akasema.

Nikachukua karatasi. Kiuno arobaini. Nikapima gauni kwa tepu yangu: kiuno arobaini. Urefu arobaini na mbili, gauni arobaini na mbili. Damu ikaanza kunichemka. Nikamwambia, tena kwa sauti ya juu, kwamba gauni liko sawa na karatasi, na kama kuna aliyekosea ni aliyeandika hiyo karatasi.

Kutoka kwenye kona yake mama mkwe akasema, "Mvumilie, mama. Akili yake siku hizi iko miguuni."

Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu nililiamini. Nilisimama pale na gauni mkononi nikifikiri kwamba ni kweli, nimepoteza mbio na sasa napoteza kazi, na yote nimejitakia.

Mwuguzi hakugombana. Alitia mkono mfukoni akatoa tepu yake, ya plastiki, ile wanayopimia vichwa vya watoto wachanga na matumbo ya wajawazito. "Hebu tuziweke pamoja," akasema.

Tukazilaza juu ya meza ya kukatia, mwanzo kwa mwanzo. Kwenye inchi kumi zilianza kupishana kidogo. Kwenye thelathini hata kipofu angeona. Sitini ya kwangu ilipofika, tepu yake ilikuwa imekwisha zamani. Yangu ilizidi kwa inchi mbili na nusu. Nikakimbilia kwa jirani muuza vitambaa nikaazima mita yake ya mbao, maana sikukubali kushindwa na plastiki. Mita ya mbao ikakubaliana na mwuguzi.

Imevutika. Miaka yote ya kuvutwa, kufuliwa na kupigwa pasi imeirefusha, na mimi sikujua, kwa sababu nampima mteja kwa hiyo hiyo na kitambaa kwa hiyo hiyo. Ikidanganya huku, inadanganya na kule vilevile, na nguo inamkaa mtu vizuri tu. Mpaka alipokuja mtu na vipimo vya tepu nyingine. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa shingoni.

Nilimwomba radhi mwuguzi kwa dhati, nikamuahidi gauni zote Jumamosi. Na ukweli ni kwamba moyo ulikuwa umeshaanza kutulia. Kumbe sijachanganyikiwa. Kumbe ni tepu tu. Mwuguzi akaondoka, nami nikavuta gauni la kwanza nianze kulifumua.

Mama mkwe alikuwa hajashona kifungo hata kimoja tangu tulaze zile tepu. Anatazama meza.

"Na ile kamba?" akauliza.

"Kamba gani, mama?"

"Ya ukutani. Si mliipimia hiyo hiyo?"

Nikaweka mkasi chini. Halafu nikachukua chaki ya kukatia, nikaandika juu ya meza. Kila inchi sitini zinabeba mbili na nusu za ziada. Kila mita mia tano zinabeba ishirini na zaidi. Mara ishirini. Mita mia nne na kumi na kitu. Nikafuta, nikaandika tena. Nikafuta, nikaandika mara ya tatu, mama mkwe amesimama nyuma yangu na miwani yake, ananikagua. Karibu raundi nzima. Miezi yote hiyo, kila alfajiri, nimekuwa nikikimbia karibu raundi nzima ya bure. Ukiiondoa, sabini na mbili zangu zinakuwa sitini na tisa na kidogo.

Nilimpigia mume wangu simu. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya friji la mtu, sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani. "Sema tena," akasema. "Sema polepole." Nikasema tena. Kisha nikamsikia anamwambia mwenye friji, "Samahani kidogo, mke wangu amefaulu."

Nikakaa sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Sijui kama nimewahi kupumua hivyo. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu gari la mwaka jana kiliondoka mara moja.

"Na wewe mama ulisema bora," nikamwambia.

"Nilisema bora upumzike," akajibu, akatafuta sindano yake. "Nani alisema uache?"

Wiki ile sikukimbia hata hatua. Gauni kumi na nane za kufumua, kukata upya na kushona si mchezo. Mume wangu alifumua jioni, vidole vimezoea nyaya, akawa hodari kuliko nilivyotegemea. Wifi alikuja Jumanne kuchukua namba, akakuta mpango umeghairiwa, akapewa wembe na gauni tatu. Na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda alfajiri, nililala mpaka pacha waliponiamsha kwa kunivuta masikio. Jumamosi mchana mwuguzi mkuu alivaa gauni lake, akazunguka mara mbili mbele ya kioo, akasema, "Sasa ni langu." Miguu yangu ilikuwa myepesi mpaka nikaiogopa.

Jumapili mume wangu aliitwa alfajiri na muuza nyama ambaye jokofu lake limekufa. Basi mama mkwe akabaki na pacha, nami nikaenda kwenye mbio peke yangu. Mahali pa kuanzia, dereva wa lile gari alinitambua. "Mama," akasema, "kiti chako nimekifuta vumbi."

"Kikalie mwenyewe," nikamwambia.

Sitasimulia kilomita zote, maana kilomita ni kilomita. Niseme tu kwamba kuanzia ya nane nilianza kulisikia gari nyuma yangu, linanguruma taratibu, halina haraka. Kwenye ya tisa nikajiambia hesabu yangu ya chaki ilikuwa na makosa, lazima, mimi na hesabu wapi na wapi. Halafu barabara ikapinda na nikaliona bango la kilomita kumi, na chini ya bango, miongoni mwa watu wenye saa na karatasi, amesimama mwanamke mfupi, mkoba kwapani, miwani puani. Mama mkwe.

Sikuangalia saa. Nilimwangalia yeye, na kitu pekee kilichonijia kichwani ndicho kikanitoka mdomoni, huku nahema.

"Mama, watoto umemwachia nani?"

"Wana baba," akasema. "Nimempigia simu arudi. Nyama ya watu itasubiri." Kisha akageukia barabara kutazama gari, ambalo lilikuwa bado mita mia mbili nyuma. "Sitini na nane na nusu. Wewe kimbia."

Nikalipita bango. Zilikuwa zimebaki kilomita kumi na moja, na magoti yalikuwa yanalalamika, na sikujali hata kidogo.