Ufundi wa Kuharibu Maharage

Watu wazima wa afya wanajua sana kuugua. Mtu huyohuyo ambaye akipata mafua analala kutwa akiomba maji kwa sauti ya kukata roho, msimamishe kando ya kitanda cha mgonjwa wa kiharusi uone. Papo hapo anageuka bingwa wa uvumilivu, na maneno yanamtoka kama bomba lililopasuka.

Katika nyumba hii mabingwa wa namna hiyo walikuwa hawakauki. Walivua viatu mlangoni, wakajaa kwenye makochi, wakanywa chai, kisha wakaingia chumbani kumgawia Matroni sababu za kuishi. Mmoja alisema subira yavuta heri. Mwingine akasema baada ya dhiki faraja. Jirani wa ukuta wa pili, ambaye hajawahi kusubiri hata chai ipoe, alisema mvumilivu hula mbivu. Wahenga walituahidi kwamba mgeni akija mwenyeji hupona. Hapa wageni walikuja, wakamaliza sukari, na mwenyeji akabaki vilevile, kalala chali anatazama dari.

Matroni lilikuwa jina lililombakia tangu enzi za kusimamia bweni la wasichana. Miaka na miaka alipita kati ya vitanda akipitisha kidole kwenye vyuma kutafuta vumbi, na vumbi lisipopatikana alikasirika zaidi. Kiharusi kilipomjia kilichukua mkono na mguu wa kulia. Ulimi kikauacha, mzito kidogo, lakini mzima. Majirani walisema hiyo ni bahati. Mke wa mwanawe, aliyechapwa na ulimi huo tangu siku ya kuolewa, aliendelea kukunja mashuka.

Huyo mke wa mwana ndiye Mpishi. Alikuwa akipika kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni, na maharage yake yalikuwa na sifa hadi getini. Fundi mmoja wa mitambo alikataa kupandishwa cheo kwenda tawi jingine kwa sababu ya maharage hayo, jambo ambalo mke wa fundi hajalisamehe mpaka leo. Alfajiri Mpishi alimwachia Jirani mgonjwa, akaenda kazini. Alasiri alirudi na miguu imevimba, akaanza zamu ya pili: kumgeuza Matroni asipate vidonda, kumwogesha, kubadilisha mashuka, kumnyoosha vidole vya mkono uliokufa ganzi kama walivyofundishwa kliniki, kumlisha. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini siku hizi inatuma ujumbe wa sauti. "Kaza moyo, mke wangu," fimbo ilisema, injini ikinguruma nyuma yake. "Mungu ndiye anayejua kwa nini." Mpishi hakulikataa hilo. Alitamani tu siku moja na yeye adokezewe.

Balaa lilianza Matroni alipogoma kula. Hakupiga kelele wala hakutupa bakuli, na hilo ndilo lililotisha. Alifunga mdomo tu na kugeuzia uso ukutani. Daktari wa kliniki alisema hali ikiendelea hivyo watamwekea mrija wa kulishia, na kwa umri wake, alisema akipanga kalamu zake, mrija wenyewe hautamfikisha mbali. Kisha akawapeleka kwa mshauri nasaha, kijana mwenye sauti laini kama losheni.

"Mama," kijana alimwuliza Matroni, "ni kitu gani kinachokufanya uamke asubuhi?"

"Mkojo," Matroni akajibu.

Mshauri aliandika.

Nyumbani Mpishi alipika kwa mikono yote miwili. Alichuja supu ya kuku, akaponda viazi kwa maziwa, akachemsha wali mpaka ukalainika kama uji, na mwishowe akapika maharage yale ya sifa. Kijiko kilikwenda kimejaa na kurudi kimejaa. Tuseme ukweli, alikuwa akimchukia mkwewe. Siku nyingine alianza kumchukia akiwa bado njiani, ili akifika apate muda wa mambo mengine. Lakini kumchukia mtu ni jambo moja, na kumwona anakauka mikononi mwako ni jambo jingine. Mifupa ya bega la Matroni ilianza kuonekana chini ya kanga, na Mpishi alikuwa anaogopa.

Kisha ikatokea siku ile ya kusinzia. Alirudi kutoka kazini hoi, akainjika maharage, akakaa kwenye stuli kwa dakika moja tu, ile dakika moja ambayo kila anayeunguza chakula anaijua. Alipoamshwa na moshi, chini kulikuwa kumeshika na juu kulikuwa kunaelekea hukohuko. Akamwaga maji humo, akatupia kitunguu ambacho hakikuwahi kuliona joto, akapakua. Hakukuwa na kingine ndani ya nyumba, na hata hivyo alijua hayangeliwa.

Matroni alipokea kijiko cha kwanza kwa bahati mbaya, alikuwa anapiga mwayo. Akakunja uso.

"Hii nini?"

"Maharage, Mama."

"Yameungua."

"Kidogo."

"Kidogo? Hebu lete." Akala kijiko cha pili huku amefumba macho. "Kitunguu kibichi. Maharage yameungua na kitunguu kibichi, sufuria moja! Umewezaje?"

Kijiko cha tatu kilihitajika kuchunguza karoti. Cha nne kilithibitisha kwamba maji yaliongezwa baadaye, tena kwa wizi. Matroni alikuwa mtu wa haki, hakuhukumu bila ushahidi, na ushahidi ulikuwa ndani ya bakuli. Hukumu ilipotimia bakuli lilikuwa limefika nusu na yeye mwenyewe alikuwa na rangi usoni.

"Wasichana wangu wa bwenini wangekumwagia mlangoni," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Mpishi alikwenda jikoni, akafungua bomba ili asisikike, akacheka mpaka akalia.

Kesho yake alipika vizuri kusudi, kujaribu. Mdomo ukafungwa. Keshokutwa yake alileta uji mwepesi hata maua ya chini ya bakuli yalionekana, na Matroni akaumaliza kwa hasira. Hapo Mpishi akaelewa kazi aliyopewa, akavaa aproni.

Msidhani kuharibu chakula ni kazi ya kila mtu. Mzembe huharibu kwa kubahatisha. Kuharibu kwa kipimo, chakula kiudhi bila kudhuru, kunataka ufundi. Chumvi daktari alikuwa ameikataza, hivyo silaha nyepesi kuliko zote ikafungiwa kabatini. Mabonge hayakufaa kwa sababu ya koo. Ikabaki hiliki kwenye maharage, tangawizi kwenye viazi, supu yenye harufu ya moshi, na wali wa jana uliojifanya wa leo. Mwanamke aliyekuwa akipongezwa na kiwanda kizima mchana, jioni alisimama mbele ya jiko lake akijiuliza aibu gani mpya amletee mama mkwe. Na ilibidi iwe mpya kweli, maana Matroni hakuvumilia uvivu hata kwenye makosa.

"Jana pia ulizidisha hiliki," alilalamika siku moja. "Huna jingine?"

Mwili ukarudi. Kliniki walipompima, daktari aliinua nyusi na kuuliza wamefanya nini.

"Upendo," Jirani, aliyewasindikiza, akajibu kwa niaba ya wote.

Tatizo la ukuta ule ni kwamba ulikuwa mwembamba, na tatizo la Jirani ni kwamba hakuwa mchoyo wa habari. Matusi ya kila jioni yalivuka upande wa pili, yakapigwa msasa, yakapelekwa mbele. Mkwe anamlisha mgonjwa makoko. Mkwe anamtesa mama wa watu. Lisemwalo lipo. Haikuchukua muda, wifi yake Mpishi, binti mkubwa wa Matroni, akashuka na begi lake, akaenda moja kwa moja jikoni na kuonja kilichokuwemo. Siku hiyo kulikuwa na viazi vya tangawizi, kazi ambayo Mpishi mwenyewe alikuwa akijivunia.

"Wifi!" alipiga kelele. "Kazini unapika kwa mikono, nyumbani unapika kwa miguu?"

Kumwambia wifi ukweli ilikuwa kumwambia Jirani, na kumwambia Jirani ilikuwa kutangaza kwa kipaza sauti. Matroni angejua kabla mwangwi haujaisha, na dawa ingekwisha nguvu. Basi Mpishi akainamisha kichwa na kupokea alichopewa. Alipewa kingi. Jioni fimbo ya mbali nayo ikatuma ujumbe, safari hii bila mngurumo wa injini. Mumewe alikuwa ameegesha lori kabisa ili aseme vizuri: "Mke wangu, kwa mama yangu? Sikutegemea." Maneno ya wifi yalimpita, lakini hayo yalimchoma, na alilala amevaa nguo za kazi.

Wifi akalitwaa jiko. Na haki yake apewe, alijua kupika, tena alipika kwa machozi na kwa sauti ya chini. Chumba cha Matroni kikawekwa pazia jipya. Ndugu waliitwa kwa zamu, wakamshika mgonjwa mkono ule usiosikia na kumwambia kwamba alikuwa mama mwema. Aliletewa samaki aliyetolewa miiba mmoja mmoja, mayai laini, maziwa ya moto yenye mdalasini kidogo, kila alichowahi kukipenda tangu usichana wake.

Mpishi, kwa upande wake, alipumzika. Alirudi kutoka kazini akaoga, akakaa kitako akanyoosha miguu. Na kwa kuwa alikuwa na nafasi, akaanza kufikiri, kosa ambalo mtu mwenye kazi mbili hulikwepa. Amefanya nini katika nyumba hii? Ametukanwa na mgonjwa akiharibu kwa makusudi kitu kimoja anachokijua duniani, na sasa ametukanwa na wazima pia. Mama yake mzazi alikuwa hai, na kitanda chake cha zamani kilikuwepo. Alitoa sanduku uvunguni. Alikwishakunja magauni mawili wifi alipoingia bila kubisha, macho mekundu, mwiko bado mkononi.

"Hataki kula," alisema. "Wifi yangu, tangu nije hajameza kitu cha maana. Nimempikia kila anachopenda. Anageukia ukutani tu." Akakaa kitandani juu ya magauni. "Mpikie wewe. Lakini upike kama unavyowapikia wa kiwandani, nakuomba, si yale mengine. Nitasimama nawe."

Na akasimama kweli, mikono kifuani, macho kwenye sufuria. Hakukuwa na mwanya wa kupitisha hata punje ya hiliki. Basi Mpishi akapika maharage, yale yenyewe. Aliyachemsha taratibu, akakaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya dhahabu, akaacha mchuzi uwe mzito wenyewe. Nyumba nzima ikanukia. Upande wa pili wa ukuta Jirani alikohoa kwa hamu.

Matroni alikuwa amepungua tena. Kijiko kilipomgusa mdomo alikipokea kwa sababu ya harufu, akamung'unya polepole. Mpishi aliinama kusikiliza. Tangu aolewe hakuwahi kusikia neno moja zuri kutoka kinywa kile.

"Matamu," Matroni akasema.

Kisha machozi yakamtoka.

"Daktari amesema nini?" akauliza.

"Hajasema kitu, Mama," wifi akajibu haraka mno.

"Usinidanganye, binti yangu. Siku zote hizi naletewa vitamu. Mnanong'ona. Mnaniletea hadi watu ambao hatusemezani, wananiambia nilikuwa mwema. Nilikuwa! Mimi nimeuguza watu. Mgonjwa hupikiwa hivi akiwa anaagwa." Akamgeuzia Mpishi jicho. "Huyu ndiye pekee aliyekuwa hajaniaga. Kila siku ananiletea takataka. Nikajiambia, anayethubutu kunilisha takataka ana hakika kesho nitakuwepo nimtukane. Sasa na yeye ameleta matamu."

Mpishi aliona uso unamwaka moto.

"Mama, kumbe ulikuwa unajua?"

"Unalisha kiwanda kizima, halafu hujui kukaanga kitunguu? Kiharusi kilinipiga ubavu, hakikunipiga akili." Akamtazama mmoja, kisha mwingine. "Nijibuni. Nakufa?"

Zilikuwepo sababu nyingi nzuri za kumpa, na wifi alikwishavuta pumzi kuanza na ile ya subira. Mpishi hakumngoja. Alichukua jagi la maji baridi mezani, akayamimina ndani ya bakuli, juu ya maharage mazuri kuliko yote aliyowahi kuyapika, mpaka yakaelea.

"Wifi!" wifi akapiga yowe. "Una wazimu?"

Mpishi alikoroga, akachota, akapeleka kijiko. Matone mawili yakaangukia kanga. Matroni alionja, na ndita zikamjaa kwenye paji la uso.

"Maji baridi," alisema kwa mshangao, kisha sauti ikapanda mpaka upande wa pili wa ukuta. "Maji baridi kwenye maharage ya moto! Mwanamke mzima! Hivi kwenu hakukuwa na mtu wa kukufundisha?"

"Hakukuwepo, Mama."

"Inaonekana," Matroni akasema, akafungua mdomo.